Bomba la Ruvu au kisima? Maji laini na maji magumu katika nyumba za Dar es Salaam

Nyumba nyingi za Dar es Salaam, hasa pembezoni mwa jiji, zina maji ya aina mbili uani: bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, na kisima, kiwe chako au cha jirani anayeuza kwa ndoo. Yote mawili yanaweza kutoka meupe pe na yote yakajaza simtanki lile lile. Ukiyapeleka kwenye dobi, jikoni na kwenye hita ndipo yanapoachana. Ushauri wetu ni kwamba mwenye yote mawili ayagawie kazi, asing'ang'anie moja. Na kabla hajanunua mashine yoyote, ajue tatizo lake ni chokaa au ni chumvi, kwa sababu mashine ya moja haiponyi lingine.

Yanakotoka

Sehemu kubwa ya maji ya jiji ni ya Mto Ruvu, unaoshuka kutoka milima ya Uluguru. Mtambo wa Ruvu Juu uliopo Mlandizi una uwezo wa lita milioni 196 kwa siku na hulisha upande wa Kibaha, Kibamba, Kimara na kushuka Ubungo na Tabata. Ruvu Chini, ulioko Bagamoyo, una uwezo wa lita milioni 270, na bomba lake hufuata Bunju, Tegeta, Mbezi Beach na Kawe kuelekea mjini. Maji ya mto hayakai ardhini muda mrefu, kwa hiyo hubeba madini machache. Ni maji laini, yaani yenye kalsiamu na magnesiamu kidogo, au yaliyo karibu na ulaini, na ugumu wake hupanda kidogo kiangazi mto unapopungua.

Maji ya kisima yamepita njia nyingine. Mvua ikizama kwenye udongo huchukua hewa ya kaboni na kuwa na asidi kidogo, kisha huyeyusha chokaa inayokutana nayo. Ukanda wa pwani una mawe ya matumbawe, na Wazo kuna chokaa ya kutosha kuchimbwa kwa ajili ya saruji, hivyo si ajabu kisima cha Kunduchi au Msasani kutoa maji magumu. Kwenye mchanga wa Mbagala au Tandika chokaa inaweza kuwa kidogo, ila visima vifupi vilivyobanana na vyoo vya shimo huleta naitreti, kemikali inayotokana na kinyesi. Visima virefu vya serikali vya Kimbiji na Kisarawe II, Kigamboni, ni habari tofauti kabisa: vinakwenda mamia ya mita chini na maji yake ni matamu. Kwa hiyo usijibiwe kwa jina la mtaa. Visima viwili vilivyo kwenye uzio mmoja, kimoja cha mita 25 na kingine cha mita 80, vinaweza kutoa maji yasiyofanana hata kidogo.

Kuna jambo moja la pwani ambalo mafundi wengi hawalielezi. Maji ya bahari yana kloraidi, ambayo ni sehemu ya chumvi, kama miligramu 19,000 kwa lita, na ugumu wake, kwa sababu ya magnesiamu nyingi, unazidi 6,000. Kisima kikivutwa kupita kiasi bahari husogea chini kwa chini. Ikiingia asilimia 2 tu, kisima kimeongezewa kloraidi karibu 380, ambayo ulimi unaisikia, na ugumu wa zaidi ya 120. Ndiyo maana maji ya chumvi ya pwani mara nyingi ni magumu pia, ingawa yapo maji magumu yasiyo na chumvi hata chembe. Dalili ya bahari kuingia ni maji yanayokuwa mazuri asubuhi pampu inapoanza, kisha yanakolea chumvi kadiri inavyoendelea kuvuta. Ukiona hivyo punguza kasi ya pampu na uvute kidogo kidogo mara nyingi. Kukiongezea kisima kina huko pwani mara nyingi ni kukisogeza kwenye chumvi.

Pima kwanza

Ugumu huhesabiwa kwa miligramu za kalsiamu kabonati kwa lita. Hadi 60 ni maji laini, 61 hadi 120 yana ugumu wa wastani, 121 hadi 180 ni magumu, na zaidi ya 180 ni magumu sana. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa, EAS 12, kinaruhusu hadi 300 kwa maji yaliyotibiwa na 600 kwa maji ya asili. Yaani maji yanaweza kuwa halali kunywa na bado yakaua hita yako.

Nyumbani tumia sabuni ya mche. Sabuni ya unga haifai kwa kipimo hiki kwa sababu imetengenezwa itoe povu hata kwenye maji magumu. Kwangua gramu 10 za mche, ziyeyushe kwenye mililita 200 za maji ya mvua ya uvuguvugu. Weka mililita 250 za maji unayopima kwenye chupa safi, kisha ongeza maji ya sabuni kwa bomba la sindano, mililita moja moja, ukitikisa kila mara, mpaka povu lisimame dakika nzima bila kuanguka. Maji laini hushika povu kwa mililita 1 hadi 3. Yakimeza zaidi ya 10 huku yakigeuka maziwa yenye utando, ni magumu kweli. Rudia kwa maji ya mvua ili upate cha kulinganishia, kwa sababu miche haifanani.

Kile kipimo cha TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) cha mfano wa kalamu wanachokuja nacho wauza mashine hakipimi ugumu. Kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, basi. Maji ya 800 yanaweza kuwa yamejaa chokaa au yamejaa chumvi, na namba kwenye kioo itakuwa ile ile. Kama unakaribia kutoa fedha za mashine, peleka sampuli maabara: acha pampu ivute dakika kumi, suuza chupa safi ya lita moja mara tatu kwa maji hayo hayo, ijaze hadi shingoni, na uombe ugumu wote, kalsiamu, magnesiamu, alkali, kloraidi, chuma, naitreti, floraidi na pH. Sampuli ya vijidudu huchukuliwa kwenye chupa ya maabara iliyotakaswa, hiyo ya soda haifai. Uliza pia ugumu wa muda ni kiasi gani, yaani ule unaoondoka kwa kuchemsha. Ugumu wa kudumu hauondoki hata ukichemsha mpaka jioni.

| | Bomba la Ruvu | Kisima cha chokaa, kisicho na chumvi | Kisima cha chumvi na chokaa |
|---|---|---|---|
| Sabuni ya mche | Povu mapema | Utando kwanza, povu baadaye | Utando, povu hafifu |
| Birika | Safi, labda tope jembamba | Magamba meupe magumu | Magamba pamoja na kutu |
| Kuchemsha | Huua vijidudu | Huua vijidudu, hupunguza ugumu | Ladha ya chumvi inabaki |
| Mashine ya resini (ya kulainisha) | Ya nini? | Inafaa | Hulainisha, chumvi haiondoi |
| Mashine ya RO (ya kuchuja kwa membreni) | Si lazima | Kwa bomba la kunywa tu | Ndiyo inayotoa chumvi |
| Zege la nondo | Sawa | Sawa | Pima kloraidi kwanza |
| Kero kuu | Mgao, tope la masika | Sabuni na magamba | Kutu, ladha, mimea kukauka |

Kufua na kuoga

Hapa ndipo hasara inapohesabika. Kalsiamu hukamata sabuni na kuigeuza utando usiosafisha chochote, ule unaong'ang'ania kwenye beseni na kufanya shati jeupe liwe la kijivu. Kwa hesabu ya kemia, ndoo ya lita 20 yenye ugumu wa 300 huharibu gramu 37 hivi za sabuni kabla ya povu la kwanza kusimama. Ndoo ya maji ya 50 huharibu gramu 6. Mwenye familia kubwa anayefua kwa mche na maji ya kisima ananunua sabuni ya kutupa.

Sabuni ya unga huvumilia zaidi kwa sababu huwekewa viungo vya kukamata kalsiamu, ila nayo hutaka kipimo kikubwa kidogo. Njia ya bei nafuu ni kulainisha ndoo kabla ya kutia sabuni: kwa lita 20 za ugumu wa 300, soda ya kufulia gramu 7 hivi, kama kijiko cha chai kilichojaa. Koroga, acha nusu saa, wingu jeupe litatuama, chota ya juu. Ukitumia magadi ya mawe weka mara mbili, kwa kuwa soda ndani yake ni pungufu. Usifanye hivyo kwenye sufuria ya alumini, itakuwa nyeusi. Na maji hayo ni ya kufulia tu.

Kwa ngozi, ugumu wenyewe si sumu. Utando wa sabuni unaobaki ndio unaokausha na kuwasha, hasa kwa watoto wachanga. Sabuni kidogo na kujisuuza vizuri kunasaidia kuliko kubadilisha losheni kila mwezi. Nywele zioshe kwa shampuu, si kwa mche.

Jikoni

Maharage hayataki maji magumu. Kalsiamu hukaza ganda lake, na mkaa unaisha yangali yanagonga meno. Loweka na upike kwa maji ya bomba au ya mvua. Wengi hutia magadi, na kweli yanalainisha, lakini magadi ghafi ya ziwani yanaweza kuwa na floraidi nyingi, kwa hiyo dumu moja la maji laini ni jibu salama zaidi. Chai ya rangi kwenye maji magumu hufifia na kuvaa utando wa mafuta-mafuta juu ya kikombe. Wali hauna shida.

Ya kunywa: ugumu peke yake si sababu ya kuogopa kisima. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa ajili ya afya. Vinavyotakiwa kuogopwa ni vijidudu na naitreti kwenye kisima kifupi kilicho jirani na choo. Vijidudu vinakufa kwa kuchemsha, naitreti haiondoki. Maji yakipungua kwa mvuke inakolea zaidi. Maji magumu yaliyochemshwa yaache yatulie usiku, mimina taratibu, bakiza kidole kimoja cha chini chenye unga mweupe. Maji ya bomba nayo uyachemshe, hasa baada ya mgao. Bomba likiwa tupu hufyonza uchafu penye nyufa, ndiyo maana dakika za kwanza maji yakirudi unatakiwa uyamwage au uyatumie chooni.

Hita, shawa na birika

Simtanki la lita 1,000 lenye maji ya 300 limebeba gramu 300 za chokaa. Si yote inayoganda, ila ile ya ugumu wa muda huganda pale penye moto zaidi, yaani juu ya elementi. Gamba likinenepa joto halitoki, elementi inajiunguza. Joto likizidi nyuzi 60 kazi hiyo huenda mbio, hivyo rudisha kidhibiti cha hita kwenye 55 hadi 60. Kila baada ya miezi sita kwa maji magumu, na mwaka kwa maji ya bomba, fundi azime umeme kwenye swichi kuu, afunge maji, ayatoe yote, achomoe elementi na kuilaza kwenye siki au maji ya asidi ya sitriki, gramu 30 kwa lita. Hapo hapo aangalie fimbo ya magnesiamu inayoliwa badala ya tangi. Ikibaki waya mtupu, ibadilishwe pamoja na gasketi.

Birika ni rahisi zaidi: siki sehemu moja, maji mawili, chemsha, acha nusu saa, suuza. Kichwa cha shawa kifunge kwenye mfuko wenye siki usiku kucha. Kamwe usichanganye siki au sitriki na jiki, hutoa gesi ya klorini, na bafu zetu ni finyu.

Shawa za umeme za papo kwa papo zinahitaji onyo la peke yake. Nyingi zina koili isiyofunikwa, inayogusana na maji moja kwa moja. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, koili huliwa, na aliyesimama chini anaweza kupigwa shoti. Kwa kisima cha chumvi nunua aina iliyoandikwa kuwa ni ya maji ya chumvi, hakikisha waya wa ethi umeunganishwa kweli hadi ardhini, na funga kikata umeme kinachoshtuka mkondo unapovuja. Hili si jambo la chokaa. Maji magumu yasiyo na chumvi yataziba shawa tu.

Mashine: ipi, na kwa nini inashindwa

Mashine ya kulainisha ni tangi la resini inayopokea kalsiamu na kutoa sodiamu. Lita moja ya resini hubeba kama gramu 50 za ugumu. Chukua lita 10 za resini na maji ya 300: zinalainisha lita 1,600 hivi, kisha zinasafishwa kwa maji ya chumvi, kilo moja hadi moja na nusu kila mara. Familia inayotumia lita 500 kwa siku itasafisha kila baada ya siku tatu na kumaliza chumvi kilo 10 hadi 15 kwa mwezi. Muuzaji asipokufanyia hesabu hii, ifanye mwenyewe. Mashine ndogo mno ndiyo malalamiko ya kwanza mjini, ya pili ni chumvi chafu ya mawe inayoziba tangi, ya tatu ni chuma cha kisimani kinachovaa resini rangi ya kutu. Chuma kikizidi miligramu 0.3, weka kichujio chake kwanza.

Maji yaliyolainishwa namna hii kutoka 300 yameongezewa sodiamu karibu miligramu 138 kwa lita. Bomba la kunywa liachwe nje ya mashine, hasa kwa mwenye shinikizo la damu na kwa maziwa ya mtoto. Usiyamwagilie bustani pia, maana sodiamu hugandisha udongo wa mfinyanzi na mchicha unadumaa.

RO ndiyo inayoondoa chumvi na chokaa pamoja, lakini ina masharti. Inataka msukumo wa bar 3 hadi 4, na simtanki lililo juu ya mnara wa mita 6 linatoa bar 0.6 tu, hivyo lazima pampu. Mashine ndogo ya chini ya sinki humwaga lita mbili tatu kwa kila lita moja unayokunywa. Chokaa nyingi huziba membreni, klorini ya bomba huitoboa, kwa hiyo kichujio cha mkaa kitangulie na kibadilishwe kwa wakati. Kwa nyumba nzima ni gharama isiyo na maana. Kwa bomba moja la jikoni inafaa.

Shabu hutuamisha tope, hailainishi. Vidonge vya klorini vinaua vijidudu, havigusi chokaa. Vile vya sumaku vinavyofungwa juu ya bomba huacha kalsiamu yote ndani ya maji, na fedha yako kwa muuzaji.

Dawa ya bei ndogo kuliko zote ipo juu ya paa. Bati la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 hukupa kama lita 800 baada ya kutoa zinazopotea. Tupa maji ya dakika kumi za kwanza, yaliyobaki yahifadhi tangi lililofunikwa. Ukichanganya nusu kwa nusu na kisima cha 350 unapata maji ya chini ya 200, na hiyo peke yake inaokoa sabuni masika nzima.

Kugawa mabomba

Tangi mbili, mistari miwili, rangi mbili za koki. Maji ya bomba na ya mvua yaende jikoni, kwenye hita na kwenye mashine ya kufulia. Ya kisima yaende vyooni, kuosha sakafu na gari, na bustani kama hayana chumvi. Usiunganishe kisima na mstari wa DAWASA, hata kwa valvu ya kuzuia maji kurudi: siku valvu inapokwama, maji ya kisima chako yanaingia kwenye bomba la mtaa. Boya la tangi la choo linalotumia maji magumu hukwama. Lifungue na ulisugue kwa siki kila miezi mitatu.

Anayejenga, maji magumu hayadhuru zege. Kloraidi ndiyo inayokula nondo. Viwango vya Ulaya huweka kikomo cha miligramu 1,000 kwa lita kwa maji ya zege la nondo, na kisima cha ufukweni kinakivuka bila jasho. Maji ya boza muulize dereva ameyatoa wapi, na uyapime kwa mche kabla hajashusha mpira.

Mpangaji hana uhuru wa kubomoa mabomba, kwa hiyo akague kabla ya kulipa kodi ya miezi sita. Fungua kichwa cha shawa utazame matundu, inua mfuniko wa tangi la choo, chungulia ndani ya birika la anayehama. Magamba meupe ni chokaa na unaweza kuishi nayo. Koki zilizochimbika vishimo vya kijani na skrubu zilizooza kwa kutu ni chumvi: omba kodi ipungue, au uliza kama bomba la DAWASA linafika, na linatoka siku ngapi kwa wiki.